Mbio Baada ya Arobaini: Kijitabu cha Afya kwa Kaya za Wabera

Hoja yetu

Kenya inasifika duniani kwa mbio, lakini Wakenya wengi hawakimbii. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Zaidi ya robo ya watu wazima walikutwa na uzito uliopita kiasi, na kwa wanawake kiwango hicho kilikuwa takriban mara mbili ya kile cha wanaume. Wadi yetu ya Wabera, mjini Isiolo, haiko nje ya hesabu hiyo. Aliyelelewa kwa kufuata mifugo malishoni leo ana kibanda sokoni, ana bodaboda, au ana kiti katika ofisi ya kaunti. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi imebaki ileile. Kilichopungua ni mwendo. Hapo ndipo presha na kisukari hupata nafasi, tena katika miaka ambayo mtu anategemewa kuliko wakati wowote, watoto wakiwa shuleni na wazazi wakiwa wamezeeka.

Kijitabu hiki kinatetea jambo moja. Mtu wa miaka 40 hadi 60 anaweza kujiunga na klabu ya mbio na kushindana, na klabu yenye mashindano inaweza kumlinda na kumdumisha kuliko kukimbia peke yake, mradi klabu hiyo iogope haraka kuliko inavyopenda ushindi. Wengi hudhani hatari kwa mtu wa makamo ni kule kushindana. Ushahidi unaelekeza kwingine: kinachoumiza zaidi ni kufanya makubwa kabla mwili haujazoea madogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani ataanza, ataanzaje, na nani atafute matibabu kwanza.

Ushahidi unasema nini

Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito, kama kukimbia, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Maana yake ni kwamba kukimbia kunatoa faida kama ya kutembea kwa nusu ya muda, na kwa mwenye duka linalofunguliwa saa moja asubuhi muda ni kitu adimu. Wala hazihitajiki kilomita nyingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikusanya tafiti 14 zenye watu zaidi ya 230,000 ukaona kwamba wanaokimbia walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi cha utafiti, kwa takriban asilimia 27, kuliko wasiokimbia, na kwamba hata waliokimbia mara moja tu kwa wiki walikuwa na nafuu. Hapakuwa na dalili ya wazi kwamba anayekimbia sana hupata zaidi ya anayekimbia kidogo. Kwa afya, basi, hakuna sababu ya pupa.

Utafiti unaogusa moja kwa moja suala la klabu ni ule wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ulioanza mwaka 1984. Uliwafuata wanachama 538 wa klabu ya wakimbiaji wenye miaka 50 na zaidi, ukawalinganisha na watu 423 wasiokuwa katika klabu hiyo. Baada ya miaka 19, asilimia 15 ya wakimbiaji walikuwa wamefariki, ilhali kwa kundi la pili ilikuwa asilimia 34. Ulemavu wa uzeeni, yaani kushindwa kuinuka, kuvaa au kubeba vitu bila msaada, nao ulichelewa kuwafikia wakimbiaji kwa miaka mingi. Mtu makini atauliza kama waliojiunga na klabu hawakuwa na afya bora tangu mwanzo. Swali hilo ni la haki, na ni kweli kwamba utafiti wa namna hii hauwezi kulifuta kabisa. Hata hivyo, watafiti walipolinganisha upya kwa kuzingatia tofauti kama za umri na uvutaji wa sigara, pengo lilibaki. Kwa kaya, funzo si kwamba mbio huzuia kifo. Funzo ni kwamba mzazi anayekimbia leo ana nafasi nzuri zaidi ya kujihudumia mwenyewe akiwa na miaka 75.

Kwa nini klabu, na kwa nini mashindano

Pingamizi la kwanza ni kwamba kutembea kunatosha. Ni kweli, kwa wengi kunatosha, na asiyependa mbio asisukumwe. Tatizo la mazoezi ya mtu mzima mara nyingi haliko katika aina bali katika kudumu. Anayeamua peke yake kufanya mazoezi hupambana kila alfajiri na usingizi, kazi na visingizio. Klabu humwondolea mapambano hayo: wenzake wanamsubiri kona ileile, saa ileile, na asipotokea wataulizia. Mashindano yanaongeza kitu cha pili, nacho ni tarehe. Anayejua kwamba atakimbia kilomita 10 baada ya miezi sita ana sababu ya kutokosa Jumanne hii. Vilevile ana kipimo cha haki, kwa kuwa saa haimpendelei mtu.

Pingamizi la pili ni kwamba mashindano ni ya vijana, tena wa Iten na Eldoret. Hapa ni vizuri kujua jinsi mashindano ya watu wazima yanavyopangwa. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanariadha wakongwe yalifanyika Toronto, Kanada, mwaka 1975, na leo wakongwe huanzia miaka 35 na kupangwa katika makundi ya miaka mitano mitano. Jamii za Isiolo hazihitaji kufafanuliwa utaratibu huo kwa kirefu. Waborana, Wameru na Wasamburu wamejua tangu zamani kwamba watu hupanda ngazi za maisha pamoja na wenzao, na kila ngazi ina majukumu na heshima yake. Mzee wa miaka 52 hashindani na kijana wa miaka 22. Anashindana na rika lake, na hata hapo mshindani wake mkuu ni muda wake wa mwaka jana. Umri peke yake haufungi mlango. Kenneth Mungara, Mkenya aliyewahi kuwa kinyozi na akaingia kwenye mbio akiwa mtu mzima, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, mwaka 2015 akiwa na miaka 41, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42. Mwingereza Priscilla Welch, aliyekuwa mvutaji wa sigara na ambaye hakuanza kukimbia hadi miaka yake ya thelathini, alishinda marathoni ya New York mwaka 1987 akiwa na miaka 42. Hao ni watu wa vipaji adimu, na hakuna atakayewafikia kwa kusoma kijitabu. Wanachothibitisha ni kwamba mwili wa makamo bado unafundishika.

Jirani na Isiolo kuna mbio zinazomvutia kila anayeanza: marathoni ya Lewa, inayofanyika ndani ya hifadhi ya wanyamapori tangu mwaka 2000, kwa kawaida mwezi Juni, huku askari wa wanyamapori na helikopta wakilinda njia. Wanakimbia humo mabingwa na watu wa kawaida pamoja, na fedha zinazopatikana husaidia uhifadhi na jamii. Lakini njia yake ni ya vumbi na vilima, juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ni lengo zuri la mwaka wa pili. Kuifanya iwe mbio ya kwanza ni haraka ileile tunayoikataa.

“Moyo utasimama”

Hofu hii ndiyo inayosikika zaidi katika familia, na haina budi kujibiwa kwa hesabu. Nchini Marekani, watafiti walifuatilia wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya mwaka 2000 na 2010. Mioyo ya watu 59 ilisimama ghafla, yaani takriban mtu 1 kwa kila 184,000, na 42 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wanaume, na wengi walikuwa na ugonjwa wa moyo ambao haukuwa umegunduliwa. Kwa hiyo hatari ipo, ni ndogo, na sehemu yake kubwa inatokana na maradhi yaliyojificha. Utafiti mwingine wa mwaka 1993 ulionyesha upande wa pili. Kwa mtu ambaye hafanyi mazoezi kabisa, uwezekano wa mshtuko wa moyo ndani ya saa moja baada ya kujikakamua sana ulipanda zaidi ya mara 100. Kwa anayefanya mazoezi mara tano au zaidi kwa wiki, ulipanda kidogo zaidi ya mara mbili tu. Mazoezi yaleyale, moyo mwingine. Anayekaa mwaka mzima kisha akachomoka mbio siku ya harambee ya mtaa ndiye aliye hatarini.

Kwa sababu hiyo kipimo huja kabla ya viatu. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii kote nchini wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na kifaa cha kupima sukari, na wanaweza kupima watu nyumbani. Presha inayofikia 140 kwa 90 katika vipimo vya siku tofauti inahitaji kliniki, na mara nyingi daktari mwenyewe atakuhimiza ufanye mazoezi. Presha ya 180 kwa 110 au zaidi inahitaji matibabu kabla ya mbio yoyote. Mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi, aliyewahi kuzirai akifanya kazi, mwenye kisukari, mvutaji wa sigara wa miaka mingi, au ambaye ndugu yake wa damu alikufa ghafla kabla ya miaka 50, aende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo au kituo kilicho karibu achunguzwe moyo kwanza. Anayekunywa dawa za presha kama atenolol asitumie mapigo ya moyo kujua anajitahidi kiasi gani, kwa kuwa dawa hiyo huyashusha. Atumie pumzi: mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kuongea sentensi nzima na mwenzako.

Magoti, kano na mifupa

Wengine husema mbio humaliza magoti. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliounganisha tafiti nyingi uliona kuchakaa kwa gegedu la goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa afya na burudani, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wanariadha wa mashindano ya juu. Takwimu hiyo isomwe yote. Inatetea mbio, na papo hapo inaonya kwamba mzigo wa wale wanaoishi kwa mbio si wa kuigwa. Mwanachama wa klabu ya mtaa anayekimbia siku 3 kwa wiki na kushindana mara 3 au 4 kwa mwaka yuko karibu zaidi na kundi la kwanza kuliko la tatu.

Majeraha ya kawaida hutokea mwanzoni. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2015 zilionyesha kwamba wanaoanza hupata majeraha takriban 17.8 kwa kila saa 1,000 za kukimbia, ilhali waliozoea hupata 7.7. Sababu inaeleweka. Moyo na mapafu hubadilika ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi, na kwa mtu wa miaka 50 huhitaji zaidi. Mwezi wa pili, pumzi inaporuhusu kuongeza kasi, kano ya kisigino bado haijaruhusu. Hapo ndipo wengi huumia na kuacha, kisha hulaumu umri. Kwa wanawake waliokoma hedhi, mifupa hupoteza uimara haraka, na mazoezi ya kubeba uzito wa mwili ni mojawapo ya njia za kuilinda. Anayevujwa na mkojo kidogo anapokimbia asione aibu wala asiache mazoezi. Hali hiyo huwapata akina mama wengi waliozaa, na kwa wengi hupungua kwa mazoezi ya kukaza misuli inayozuia mkojo ambayo muuguzi anaweza kufundisha.

Jua, saumu, miraa na vidonge

Mji wa Isiolo uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na kufikia saa tatu asubuhi jua limekwisha kuwa kali. Klabu ianze kunapopambazuka na imalize kabla ya saa mbili. Mwili huzoea joto ndani ya wiki mbili hivi, kwa hiyo anayetoka sehemu ya baridi aanze taratibu. Kunywa maji ukisikia kiu. Kujishindilia lita nyingi za maji matupu wakati wa mbio ndefu kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu apoteze fahamu. Katika mwezi wa Ramadhani mazoezi mazito yasimame. Mwendo mwepesi wa nusu saa kabla ya futari, au baada ya tarawehe, unatosha kuhifadhi kilichopatikana.

Miraa inayolimwa milima ya Nyambene hufika Isiolo ikiwa mbichi, na kuna wanaodhani inatia nguvu za kukimbia. Inachofanya ni kupandisha mapigo ya moyo na presha na kuficha uchovu, wakati uchovu ndio onyo la mwili. Aliyekesha akitafuna asikimbie asubuhi yake. Vivyo hivyo kwa vidonge vya maumivu kama ibuprofen na diclofenac: kuvimeza kabla ya mbio kwenye joto, mwili ukiwa na upungufu wa maji, huweza kuumiza figo. Maumivu yanayohitaji kidonge ili ukimbie yanahitaji mapumziko. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide abebe glukosi au sukari, amwambie mwenzake, na akague nyayo zake kila jioni. Anayetumia dawa ya presha inayoongeza mkojo amuulize daktari kuhusu joto. Mwenye homa, iwe ya malaria au mafua makali, asikimbie hadi ipone.

Familia, heshima na gharama

Watu watasema. Mama wa watoto wanne akionekana anakimbia kandokando ya barabara, kutakuwa na wanaocheka na wanaoona si adabu. Kundi hujibu hilo kuliko maneno. Wanawake sita wanaokimbia pamoja, wamevaa nguo pana nyepesi na hijabu ya kitambaa kisichoshika jasho, hupata heshima na usalama ambao mmoja hapati. Wanaweza kuwa na saa yao na njia yao. Nyumbani, jambo la kweli ni mgawanyo wa kazi: kama mama anatoka alfajiri siku 3, baba awashe jiko na aandae watoto siku hizo, na zamu ya baba ya kukimbia ikifika mama afanye vivyo hivyo. Bila makubaliano hayo klabu itakuwa ya wanaume tu, ilhali takwimu za uzito zinaonyesha wanaohitaji zaidi ni wanawake.

Gharama kubwa ni raba. Haihitaji kuwa mpya wala ya bei. Iwe ya saizi yako, isiyobana vidole, ambayo soli yake haijalika upande mmoja. Mitumba mizuri inatosha. Kwenye barabara kuu ya kwenda Marsabit na Moyale, kimbieni mkitazama magari yanayokuja, kwa mstari mmoja, mkiwa na nguo za rangi ya kung’aa. Njia ya vumbi nje ya lami ni bora kwa miguu na kwa maisha. Akiumwa na mbwa, mwanachama aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mwaka wa kwanza

Wiki nne za mwanzo ni za kutembea dakika 30, siku 3, ukipumzika siku moja katikati, na kuchomeka dakika moja ya kukimbia polepole kila baada ya dakika nne. Wiki zinazofuata ongeza dakika za kukimbia na upunguze za kutembea, hadi mwezi wa tatu uweze kukimbia nusu saa bila kusimama. Hapo shindana kilomita 5. Kabla ya mwezi wa sita usifanye mazoezi ya kasi. Baada yake, siku moja kwa wiki inatosha, na siku zilizobaki ziwe za mwendo wa mazungumzo. Kilomita 10 zije baada ya nusu mwaka, nusu marathoni baada ya mwaka. Siku 2 kwa wiki imarisha misuli nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka, kuinuka kwa vidole vya miguu kwenye ngazi, kubeba mtungi wa maji kila mkono. Maumivu yanayobadilisha hatua yako, au yanayozidi kila siku, ni amri ya kusimama.

Kila mwanachama na kila mwanafamilia ajue dalili hizi: kifua kubana au maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkononi, kizunguzungu, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, moyo kwenda mbio bila mpangilio. Zikitokea, simama, keti, na upelekwe hospitali hata kama zimepita. Anayeyumba na kuongea yasiyoeleweka kwenye joto awekwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji na kupepewa huku gari likitafutwa. Aliyeanguka asiyepumua wala kuitika abanwe kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mpaka msaada ufike. Katika utafiti ule wa wakimbiaji milioni 10.9, kubanwa kifua na waliokuwa karibu kulihusishwa na kupona. Klabu ianze mafunzo haya kabla ya kushona fulana.

Mtaa usio na klabu unaweza kuanza na watu watano, daftari moja na mhudumu wa afya wa eneo hilo. Daftari liandike presha ya kila mtu mwanzoni na kila baada ya miezi mitatu, siku alizokimbia na majeraha aliyopata. Mwisho wa mwaka, viongozi wasihesabu medali kwanza. Wahesabu ni wangapi kati ya walioanza Januari bado wanakimbia Desemba wakiwa wazima. Klabu iliyobaki na wachache, hata kama mmoja wao ameshinda, iangalie ilipofanya haraka, na mwaka unaofuata ipunguze kasi.